Ulaini wa Gari: Ubavu wa Tairi au Upepo?

Wenye gari Unguja na Pemba wamegawika katika suala moja: anayetaka safari isiyomtingisha aanzie wapi, kwenye saizi ya tairi au kwenye upepo? Wapo wanaoshusha upepo hadi psi 25 (psi ni kizio cha kupimia upepo wa tairi) wakaona wamemaliza kazi, na wapo wasiogusa upepo kabisa bali hulaumu rimu. Kila upande una hoja, lakini kwa maoni yangu ulaini wa kudumu hutafutwa kwenye kimo cha ubavu wa tairi.

Tairi lililoandikwa 185/65R15 lina upana wa milimita 185, na ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani takriban milimita 120 baina ya rimu na barabara; 15 ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mtu akivutiwa na rimu kubwa akafunga 205/45R17, kimo cha gurudumu zima hakipungui sana, kwani hutoka takriban milimita 621 kikawa 616, ilhali ubavu hubaki milimita 92 tu. Zile milimita 28 zilizopotea ndizo zilizokuwa zikimeza shimo kabla mshindo haujafika kwenye springi na shokapu. Katika njia za mawe za vijiji vya mashariki ya Unguja, hasara haiishii kwenye mgongo wa abiria: jiwe likiubana mpira kwenye ukingo wa rimu, nyuzi za ndani hukatika, ubavu ukatoa nundu, na tairi la namna hiyo ni la kutupwa.

Hata hivyo wapenzi wa rimu kubwa wana haki yao. Ubavu mfupi hauyumbi, na kwenye kona na vilima vya Pemba gari hufuata usukani papo hapo. Isitoshe, rimu haipunguzwi ovyo, kwa sababu breki za baadhi ya gari hazienei ndani ya rimu ndogo.

Kuhusu upepo, kuupunguza huleta ulaini siku hiyohiyo bila gharama, na kwenye mchanga ni hatua sahihi, muradi urejeshwe kabla ya kupanda lami. Ubaya ni kuufanya desturi. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika kila linapozunguka, likapata joto, likaliwa kingo zote mbili, na gari ikala mafuta zaidi. Wakati wa masika huteleza juu ya maji kwa urahisi zaidi. Kujaza kupita kiasi nako hula kashata, yaani meno ya tairi yanayokanyaga barabara, za katikati na kuifanya gari iwe ngumu.

Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Gari nyingi zitokazo Japani hukiandika kwa kPa, kizio kingine cha upepo, na 230 ni sawa na psi 33 hivi. Hicho ni kipimo cha tairi lililopoa. Anayepima adhuhuri, ametoka Makunduchi mpaka mjini, atakuta psi tatu au nne za ziada zilizoletwa na joto. Akizitoa, asubuhi atakuwa chini ya kiwango bila kujua, na hili nalihofia kuliko yote kwa sababu hufanywa kwa nia njema.

Upepo ukiwa sawa na gari bado ni ngumu, kabla ya kubadili saizi zisomwe tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2314 ina maana tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Matairi ya mtumba huuzwa kwa kutazamwa kashata, ilhali mpira wa umri huo umeshakauka, hata kashata zikiwa ndefu.