Logi na usahaulifu: inafaa wapi, inapotosha wapi

Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba anaingia Kidato cha Kwanza Chamwino, Tanzania, na kukuta Kiingereza karibu kila kipindi. Tuseme Jumatatu kafundishwa maneno mapya 50. Ayarudie lini?

Walimu wa hisabati hutumia kanuni ya namna hii: A = 80 − 30 logi(t + 1). A ni asilimia ya maneno anayokumbuka, t ni siku zilizopita, na logi ni ya kizio cha 10, yaani kipeo ambacho 10 hupandishwa ili kupata namba husika: logi ya 100 ni 2. Ile 1 ipo kwa sababu logi ya 0 haipo. Siku ya 1 atakuwa na 71, siku ya 9 atakuwa na 50, siku ya 99 atakuwa na 20. Kila t + 1 ikizidishwa kwa 10, pointi 30 zinaondoka. Hasara kubwa huja mapema, kisha kasi hupungua.

Umbo hilo lina ushahidi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alitoa matokeo yake: alipojifunza upya baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58 ya kazi ya mara ya kwanza, baada ya siku 1 asilimia 34, baada ya siku 31 asilimia 21. Lakini alichopima ni kazi iliyookolewa, si idadi ya silabi alizokumbuka. Wengi huchanganya vitu hivi viwili, na hilo ni kosa kubwa.

Wanaoipinga logi wana hoja nzito. Kanuni yetu hufika sifuri siku ya 463, kisha inatoa alama hasi, jambo lisilowezekana. Kanuni ya kipeo, ambamo t + 1 hupandishwa kwa kipeo hasi, haifiki sifuri kamwe, na ndani ya mwezi mmoja ni vigumu kuzitofautisha kwa macho. Tena wastani wa darasa huficha mengi: anayesahau haraka na anayesahau polepole wakichanganywa, mchoro unaopatikana huenda usiwe wa yeyote kati yao.

Kwa maoni yangu logi itumike, ila ndani ya siku zilizopimwa tu, na namba zitoke darasani kwako. Changanya maneno 50, yagawe mafungu matano ya 10, na kila fungu lipimwe mara moja tu: siku ya 0, 1, 3, 9 na 29. Ukiuliza maneno yale yale kila mara, jaribio lenyewe linawakumbusha na mstari unalala kuliko ukweli. Wape wanafunzi mpangilio tofauti wa mafungu, maneno rahisi yasije yakaangukia siku moja. Chora alama dhidi ya logi(t + 1), yaani 0, 0.30, 0.60, 1 na 1.48, kisha weka rula. Nukta zikipinda waziwazi, logi haifai hapo. Usibadilishe siku kuwa wiki katikati ya kazi. Kwa sababu ya ile 1, umbo la mchoro hubadilika.

Ukitaka wasishuke chini ya 60, mfano wetu unasema marudio yawe Alhamisi, wakiwa bado na 62. Baada ya marudio hayo mteremko hupungua, kwa hiyo ile 30 ipimwe upya.