Panga Digrii ya Uchumi Kuanzia Mwishoni

Wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza ya uchumi huchagua kozi muhula kwa muhula. Wanatazama orodha, wanaondoa zinazogongana kwenye ratiba, wanajaza krediti zinazotakiwa, basi. Matokeo yake huonekana mwaka wa mwisho, pale kozi uliyoitamani tangu mwanzo inapodai somo ambalo hukulisoma na muda wa kulisoma umeshapita.

Mimi nasema anza kupanga na ekonometriki, kisha rudi nyuma. Ndiyo kozi inayofundisha kupima mambo ya uchumi kwa takwimu: mwaka mmoja zaidi wa shule unaongeza kipato kwa kiasi gani, na tunajuaje kwamba ni shule iliyoongeza, si kipaji ambacho mtu angekuwa nacho hata bila shule? Uchumi wa kazi, uchumi wa maendeleo na tasnifu yenyewe vyote vinaiegemea. Nayo inadai takwimu, na takwimu ya maana inadai kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko. Kwa digrii ya miaka 3, yaani mihula 6, kalkulasi ikae muhula wa 1, uwezekano na takwimu muhula wa 2, ekonometriki muhula wa 4. Sasa chukulia kila kozi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, na umefeli kalkulasi. Unairudia muhula wa 3, takwimu inasogea hadi wa 4, ekonometriki inaangukia wa 6, muhula uleule unaomalizia tasnifu ambayo ilihitaji ekonometriki tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo kalkulasi ipewe muda wako mwingi kuliko kozi yoyote ya mwaka wa kwanza, hata kama ina krediti chache.

Wapo wanaouliza hisabati yote hiyo ni ya nini wakati michoro inatosha. Haitoshi. Mchukue mnunuzi mwenye fedha 100. Bidhaa ya kwanza inauzwa 2, ya pili 1, na kuridhika kwake ni idadi ya kwanza mara idadi ya pili. Mchoro utakuonyesha mstari wa bajeti ukigusa mkunjo wa michanganyiko inayomridhisha sawa, uishie hapo. Kalkulasi inakwambia kwamba mahali pazuri ni pale idadi ya pili inapokuwa mara 2 ya ile ya kwanza. Ukirudi kwenye bajeti unapata 25 na 50. Pandisha bei ya bidhaa ya kwanza hadi 5: anaishia na 10 na 50. Ile ya pili haikutikisika, kwa sababu mnunuzi huyu hutumia nusu ya fedha zake kwa kila bidhaa, bei iwe yoyote. Jambo hilo halionekani kwa macho kwenye mchoro. Ndiyo maana chuo kikiwa na kozi mbili za uchumi mdogo (wa mnunuzi au kampuni mojamoja) wa ngazi ya kati, moja yenye kalkulasi na nyingine isiyo nayo, chagua yenye kalkulasi.

Aljebra ya mstari nayo isiachwe, maana regresheni, yaani kukadiria jinsi jambo moja linavyofuatana na mengine, ikiwa na vigezo vingi huandikwa kwa matrisi, majedwali ya namba. Anayelenga uzamivu aongeze kozi ya hisabati ya kuthibitisha, na aimalize kabla ya mwaka wa mwisho. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu wa uchumi kati ya Desemba na Januari, kwa hiyo alama ya muhula wa mwisho haionwi na mtu.

Kuhusu programu za kompyuta, R, Stata au Python, yoyote inafaa. Kinachoumiza ni kujifunza programu wiki ileile unayojifunza regresheni: unahangaika na faili lisilofunguka, na kosa sanifu, kipimo cha jinsi kadirio linavyoweza kuyumba, linapita bila kueleweka. Tumia likizo iliyotangulia.

Kozi za hiari msizichague kwa jina. Fungua mtaala uone kinachosomwa na namna ya kupimwa. Kozi yenye jina tamu inaweza kuwa marudio ya ulichokwisha soma, na historia ya uchumi, ambayo wengi huiruka, ikawa ndiyo inayokufanya uelewe kwa nini benki zilianguka baada ya 1929 na kwa nini somo la uchumi mkubwa (wa nchi nzima) likaandikwa upya. Muhula mmoja usibebe kozi nzito za hesabu zaidi ya 2. Mazoezi ya kila wiki yakigongana, yote yanafanywa nusunusu.

Chukua karatasi, chora safu 6, andika kila kozi kwenye muhula wake halisi wa kufundishwa, kisha vuta mshale kutoka somo linalotangulia hadi linalolifuata. Mshale ukielekea kushoto, au ukabaki ndani ya safu moja, hapo pana kosa. Lirekebishe kabla usajili haujafungwa.