Tallinn: Toompea iache hadi jioni

Wageni wengi wa mji mkongwe wa Tallinn, Estonia, hawakosei njia, wanakosea saa. Meli za watalii zikishusha abiria asubuhi, kundi zima hupanda Toompea, kilima cha mji wa juu. Saa tano pale Kohtuotsa, mahali pa kutazama mapaa mekundu ya mji wa chini, utapigana vikumbo na picha isitoke vizuri, maana unatazama upande wa mashariki na jua linakuja usoni. Jioni jua liko mgongoni, mapaa yanang'aa, na abiria wengi wa meli wamesharudi melini. Mwezi Juni halizami mpaka karibu saa 4:40 usiku. Haraka ya nini?

Asubuhi anzia chini, mtaa wa Pikk. Nyumba namba 26 ilikuwa ya Vichwa Vyeusi, chama cha wafanyabiashara vijana wasiooa. Msimamizi wao alikuwa Mtakatifu Maurice, askari wa Thebes huko Misri kwa mujibu wa masimulizi, na ndiyo maana nembo yao ni kichwa cha Mwafrika. Mlango ni wa mbao, wa karne ya 17, umejaa nakshi za kijani, nyekundu na dhahabu. Aliyezoea milango ya Lamu au Unguja atajua kwa nini nasema upewe dakika kumi. Wengi wanaupita mbio kuwahi uwanja wa Raekoja, ambako jengo la halmashauri lilikamilika 1404 na duka la dawa linalotajwa tangu 1422 bado linauza dawa. Uone uwanja, lakini chakula kale mtaa wa pili au wa tatu. Meza za uwanjani zinakutoza mandhari.

Ukitaka kutazama mji kutoka juu, kuna pia mnara wa kanisa la Oleviste, ila hufungwa majira ya baridi. Ngazi zake ni za mawe, zimejipinda, nyembamba, na wanaopanda hukutana na wanaoshuka humo humo. Panda mapema, begi la mgongoni ulivue ulishike mkononi.

Viatu ndiyo shida kubwa kuliko ramani. Mawe ya barabarani ni ya mviringo, yamelainishwa na nyayo, mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni. Vaa soli ya mpira yenye meno. Begi la magurudumu liache stesheni au hotelini.

Kupanda Toompea pita Lühike jalg, yaani Mguu Mfupi. Njia ya pili ni Pikk jalg, Mguu Mrefu, na wenyeji hutania kwamba mji wao unachechemea. Lango zito utakalolikuta Lühike jalg si pambo: juu waliishi mabwana na askofu, chini wafanyabiashara wenye sheria zao, na hawakuaminiana.

Desemba ratiba hii igeuze. Jua huzama karibu saa 9:20 alasiri, hivyo Kohtuotsa uwepo kufikia saa saba. Na ukiona utepe umezungushwa chini ya ukuta, usiuvuke: barafu huning'inia kwenye mapaa, na huanguka bila kupiga hodi.