Kumfichia mgonjwa dawa kwenye chakula: lini inafaa, lini ni hatari

Mgonjwa wa dimensia, yaani ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, akianza kukataa dawa, wengi wanaomuuguza huishia palepale: kidonge kinasagwa, kinachanganywa na chakula, naye haambiwi. Wanaotetea njia hii wana hoja nzito. Mtu asiyejua tena kwamba ana kifafa hawezi kupima hasara ya kuacha dawa ya kifafa. Tena kuvutana naye asubuhi na jioni kunamuumiza: maneno atayasahau, lakini hofu hubaki moyoni hata baada ya sababu yake kupotea.

Wanaopinga nao wasipuuzwe. Mwili ni wake, na wagonjwa wengi ambao ugonjwa haujawafika mbali bado wanaelewa swali likiulizwa kwa ufupi, moja kwa wakati. Halafu kuna jambo ambalo watetezi hulisahau. Dimensia mara nyingi huja na shaka ya kuwekewa sumu. Akigundua uchungu wa dawa mdomoni, shaka hiyo imepata ushahidi, na kuanzia hapo hatakataa kidonge tu, atakataa sahani nzima. Kwa mgonjwa ambaye tayari anapungua uzito, hiyo ni hasara kubwa kuliko dozi moja iliyokosekana.

Kwa maoni yetu, kuficha dawa kuna mahali pake, lakini nyumba nyingi hufika hapo kabla ya kuuliza kwa nini anakataa. Huenda kinywa ni kikavu na kidonge kinanata. Huenda ana kidonda kwenye fizi, au meno ya bandia yanabana. Donepezil, dawa inayotumika sana kwa Alzheimer (aina mojawapo ya dimensia), huleta kichefuchefu, na ikinywewa usiku huweza kuleta ndoto za kutisha. Anayeikataa pengine anakumbuka mwilini kile asichoweza kukisema. Mara nyingine tatizo ni haraka ya anayempa tu. Ondoka, rudi baada ya dakika 20 au 30, mpe kidonge kimoja kimoja, kwanza maji kidogo ya kulainisha kinywa. Hata mtu mwingine kuchukua zamu hubadilisha jibu.

Mwulize daktari pia kama dawa zote bado zinahitajika. Dawa ya kolesteroli ambayo faida yake huonekana baada ya miaka haina uzito sawa na ya kifafa. Zinazobaki huenda zinapatikana kwa umbo lingine: ya maji, au ya kubandika kwenye ngozi kama rivastigmine, dawa nyingine ya Alzheimer. Hiyo hubandikwa sehemu ya juu ya mgongo asikoweza kuifikia, na ya jana hubanduliwa kwanza. Kusahau ya zamani mwilini ni kumzidishia dozi.

Sasa kusaga. Hapa ndipo nia njema huharibu zaidi. Kidonge chenye herufi kama SR, XR, XL au MR kimetengenezwa kuachia dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukikisaga, dozi yote inaingia kwa mkupuo. Ikiwa ni nifedipine, dawa ya presha, presha inaweza kuporomoka, na mzee akaanguka akiinuka kitini. Chembe za omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, zimevikwa utando wa kuzikinga na asidi ya tumbo. Zikisagwa, dawa huharibika kabla haijafyonzwa. Alendronate ya mifupa haisagwi kabisa, maana huchoma umio, na humezwa tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, kisha mtu akae wima walau nusu saa. Levothyroxine, dawa ya tezi ya shingo, ikikutana na madini ya chuma au kalsiamu haifyonzwi vizuri. Kwa hiyo orodha yote ipelekwe kwa mfamasia, dawa moja baada ya nyingine, kabla kinu hakijatolewa kabatini.

Mfamasia akikubali, dawa iwekwe kwenye kijiko kimoja cha chakula laini kisicho moto, kiliwe mwanzoni njaa ikiwapo. Isitiwe kwenye sahani nzima: akiacha nusu, hujui amepata kiasi gani. Isichanganywe mapema ikasubiri.

Wala uamuzi usiwe wa mtu mmoja jikoni. Mwongozo wa 2014 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, kwa nyumba za kulelea wazee nchini Uingereza unataka uwezo wa mgonjwa kuamua upimwe, wahusika wakutane, sababu ziandikwe na mpango upitiwe upya mara kwa mara. Nyumbani, daftari na simu kwa daktari vinatosha.

Kuna dawa moja ambayo hatuiingizi katika hoja ya watetezi: ile ya kumtuliza. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa mpya za kutibu saikosi (kuona au kuamini yasiyokuwapo), ambazo hutumika pia kumtuliza mgonjwa, huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimensia, na mwaka 2008 onyo likapanuliwa kwa zile za zamani. Dawa ya kifafa ikifichwa, anayenufaika ni mgonjwa. Ya kutuliza ikifichwa ili nyumba ilale, anayenufaika mara nyingi ni mwingine, na mgonjwa ndiye anayebeba hatari.

Hata mpango ukishakubaliwa, kila dozi ianze kutolewa waziwazi. Uelewa wa wagonjwa hawa hupanda na kushuka, na aliyekataa jana anaweza leo kunyoosha mkono mwenyewe.