Mshauri wa Ikolojia na Mbuga ya Nairobi: Mtu Mmoja, Lawama Mbili

Tangu reli ya kisasa ivushwe juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi kwa daraja la takriban kilomita 6, mshauri wa ikolojia, yaani mtaalamu anayetathmini jinsi mradi utakavyowaathiri wanyama na makazi yao, katika upangaji wa miradi ya namna hiyo amekuwa akilaumiwa na pande mbili zisizopatana kwa lolote lingine. Wenye miradi humwona kuwa mchelewesha kazi, ilhali wanaharakati wa uhifadhi humwona kuwa karani wa kubariki yaliyokwisha kuamuliwa. Lawama ya kwanza haituchukulii muda, kwani kipande hicho cha reli, kiendacho Naivasha, kilizinduliwa Oktoba 2019 licha ya pingamizi zote. Ya pili ndiyo nzito.

Wanaharakati wana hoja zenye mashiko. Chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, gharama za tathmini ya athari kwa mazingira hulipwa na mwenye mradi yuleyule anayeisubiri leseni. Mtaalamu husajiliwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, lakini malipo yake hutoka kwa mteja, na mteja aliyekerwa na ripoti hii anaweza kumtafuta mwingine kwa ripoti ijayo. Kuhusu reli yenyewe, wakosoaji walilalamika kwamba njia ilichaguliwa kabla tathmini haijakamilika. Jopo la Kitaifa la Mazingira lilitoa amri ya kusimamisha kazi mwaka 2016, na bado mwanzoni mwa 2018 mitambo iliingia mbugani huku mvutano wa kisheria ukiendelea. Aliyeyashuhudia hayo ana haki ya kuuliza masharti ya mwanaikolojia yana faida gani ikiwa hata amri ya jopo haikusikilizwa.

Swali hilo lina jibu, ila jibu lenyewe limo katika mambo madogo ambayo magazeti hayana nafasi nayo. Mbuga hii ya kilomita za mraba 117 imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini uko wazi, ng'ambo ya Mto Mbagathi, kuelekea nyanda za Athi-Kaputiei. Kiangazi kikikaza, wanyama hujikusanya mbugani kwenye mabwawa. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia hutoka kwenda kula nyasi fupi za huko nje. Kwa hiyo ripoti iliyofanyiwa utafiti wa majuma mawili ya Februari na ile ya majuma mawili ya Mei zinaweza kuelezea mbuga mbili tofauti, zote kwa ukweli mtupu. Mshauri anayestahili ujira wake hukataa kuandika neno kabla ya kuhesabu misimu yote miwili, na hapo ndipo ugomvi wake na mteja huanzia, kwa sababu mteja ana mkandarasi anayelipwa kwa siku.

Akishavuka hapo, hubaki na maswali ambayo mhandisi hakuajiriwa kuyauliza. Ua wa muda wa eneo la ujenzi ukifunguliwa alfajiri kupitisha malori, nani anahakikisha umefungwa kabla ya simba kutoka? Udongo uliochimbwa kwenye misingi ya nguzo utamwagwa wapi mvua isije ikauzoa hadi mtoni? Twiga hupita mita 5 kwa urefu. Je, chini ya daraja panamtosha mahali bonde linapoinuka? Reli iliyolazwa juu ya tuta ingeikata mbuga vipande viwili, ilhali reli iliyobebwa na nguzo na kuwekewa vizuizi vya kelele kandokando inawaachia wanyama njia, hata kama si njia waliyoizoea. Tofauti hiyo haimridhishi aliyetaka reli isipite kabisa, nami namwelewa, lakini uamuzi wa kuipitisha ukishafanywa ndiyo tofauti pekee iliyobaki ya kupigania, na lazima awepo wa kuipigania.

Kuna takwimu moja ambayo mjadala wa daraja huipita haraka mno. Nyumbu wanaohama katika nyanda za Athi-Kaputiei walikuwa zaidi ya 26,000 mwaka 1978. Kufikia 2011 walikuwa wamepungua hadi chini ya 3,000. Mwaka 2011 mbugani hapakuwa na nguzo hata moja ya reli. Mnyama aliyekuwa akihama kwa makundi alikwisha kutoweka kwa sehemu kubwa kabla ya mkandarasi kufika, na kilichommaliza hakina jina moja linaloweza kuandikwa kwenye bango la maandamano. Ranchi ya pamoja ya Kitengela, kusini mwa mbuga, iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980. Viwanda vya kuuza nje vilianzishwa Athi River kuanzia 1990 na wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala. Kila familia ikazungushia shamba lake waya, kisha ikakata ploti na kuuza, jambo ambalo familia yoyote yenye karo ya kulipa ingelifanya. Hakuna ua hata mmoja kati ya hizo uliokuwa mkubwa kiasi cha kuhitaji tathmini kamili. Nyumbu alikutana nazo zote.

Takwimu hiyo inaibana lawama ya wanaharakati mahali inapouma. Palipoharibika zaidi ni pale ambapo mshauri wa ikolojia hakuitwa kamwe. Zilikuwepo juhudi za kupunguza makali: kuanzia 2000 baadhi ya wenye ardhi wa Kitengela walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili waache mashamba wazi. Ni mpango wa busara, lakini dola 4 haziwezi kushindana na bei ya ploti karibu na barabara ya Namanga. Rasimu ya mpango wa usimamizi wa mbuga wa 2020 hadi 2030 ilipotolewa ikiwa na pendekezo la kuziba upande wa kusini kwa ua, kelele zilikuwa kubwa, na kwa haki. Hata hivyo mfugaji wa Kimaasai aliyeamka na kukuta ng'ombe wake wameliwa na simba hana sababu ya kuuchukia ua huo, na mshauri asiyeliweka hilo kwenye ripoti hajaikamilisha kazi.

Kwa maoni yangu, basi, hasira kuhusu uhuru wa mshauri ni ya haki na ina tiba: mwenye mradi alipe ada kwenye mfuko, NEMA ndiyo ichague mtaalamu na kumlipa. Tiba hiyo, hata ikitekelezwa kesho, itaishia kwenye miradi mikubwa. Ploti za Kajiado, kaunti iliko Kitengela, hupitia kwingine. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, ombi la kugawa shamba la kilimo hupelekwa kwenye bodi ya eneo, ambako hukaa maafisa wa serikali na wakazi. Orodha ya wajumbe hao haimtaji mwanaikolojia, wala bodi hailazimiki kumuuliza kama shamba linaloombewa kugawanywa liko kwenye ushoroba wa nyumbu, yaani njia yao ya kuhama.