Fotoni haijali unawaza nini

Kuna klipu inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar, na wanafunzi wangu wameshanitumia zaidi ya mara moja. Mhamasishaji yuko jukwaani, kipaza sauti mkononi, ukumbi umejaa. Anasema sayansi imethibitisha kwamba mawazo ya mtu yanaumba uhalisia. Ushahidi wake ni jaribio la mianya miwili: wanasayansi walipoitazama chembe ya mwanga, yaani fotoni, anasema, ikabadili tabia papo hapo, basi na wewe ukiutazama utajiri kwa imani, utajiri utakuja. Watu wanasimama na kupiga makofi.

Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita, na jambo hili linaniuma. Sina ugomvi na kutiana moyo. Mtu anayetoka Mbagala alfajiri, akasimama kwenye daladala mpaka Kariakoo kwenda kufungua biashara, anastahili neno la kumpa nguvu. Ila asiuziwe neno hilo kwa jina la fotoni, kwa sababu fotoni haikusema hivyo.

Tuanze na jaribio lenyewe. Mwaka 1803 Thomas Young aliwaeleza wanachama wa Royal Society, London, jinsi alivyopitisha mwale mwembamba wa jua kwenye chumba chenye giza, kisha akaupasua kwa ukingo wa kadi yenye unene usiofika milimita moja. Mwanga ukapita pande zote mbili za kadi, kana kwamba ni mianya miwili, na nyuma yake ikatokea mistari: mwanga, giza, mwanga, giza. Akaziba upande mmoja tu, mistari ikapotea. Mawimbi mawili yakikutana hufanya hivyo: kilele kikikutana na kilele mwanga unaongezeka, kilele kikikutana na bonde panakuwa giza.

Hilo unaweza kulifanya nyumbani leo usiku. Nunua leza nyekundu ya kuelekezea, zile za bei ndogo zinazouzwa barabarani. Bandika unywele mmoja katikati ya mdomo wa leza kwa selotepu, zima taa, elekeza ukutani umbali wa mita tatu, na usiimulike machoni pa mtu. Badala ya doa moja utaona msururu wa madoa mekundu yaliyotengana kwa takriban sentimita mbili. Nywele ni nyembamba, kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na ndiyo maana nafasi inakuwa kubwa hivyo. Ukitumia uzi mnene, madoa yanasongamana mpaka huyaoni. Nimeona vijana wakubwa wenye ndevu wakinyamaza kabisa mbele ya ukuta huo.

Mpaka hapo hakuna cha ajabu sana. Ajabu inakuja ukipunguza mwanga. Mwaka 1905 Einstein alieleza kwamba nishati ya mwanga hufika kwa vipande, ambavyo baadaye vikaitwa fotoni. Leza ya miliwati moja hutoa fotoni zipatazo trilioni elfu tatu kila sekunde, kwa hiyo unaweza kudhani zinasukumana zenyewe kwa zenyewe na kupanga mistari. Mwaka 1909, kule Cambridge, G. I. Taylor aliufifisha mwanga kwa vioo vilivyopakwa moshi mpaka ukawa kama wa mshumaa ulio mbali kwa zaidi ya maili moja. Akaupitisha kando ya sindano, akaliacha bamba la picha lipokee mwanga huo kwa miezi kama mitatu. Mistari ikatokea vilevile. Na mwaka 1986, kule Orsay nchini Ufaransa, Grangier, Roger na Aspect walitumia chanzo kinachotoa fotoni moja moja kwelikweli. Waliweka kioo kinachogawa njia mbili, wakaona fotoni haigawanyiki: inapokelewa huku au kule. Kisha wakazikutanisha tena zile njia mbili, na fotoni hizohizo zikaonyesha tabia ya mawimbi.

Yaani kila fotoni inagonga mahali pamoja, nukta moja, lakini nukta zikikusanyika zinachora mistari ambayo isingekuwepo kama njia ingekuwa moja. Nimelifundisha somo hili kwa miaka na bado linanisisimua.

Sasa tuje kwa yule mhamasishaji. Ni kweli kwamba ukiweka kitu kinachobainisha fotoni imepita wapi, mistari inafutika. Lakini inayoifuta ni alama ya njia, na wala haihitaji jicho la mtu. Hili linaonyeshwa kwa vifaa vya mtaani. Chukua vipande viwili vya polaroidi, ile karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, inayobanduliwa kwenye vioo vya simu, vya aina ya LCD, ambavyo mafundi wanavitupa. Viunganishe ubavu kwa ubavu, kimoja kikiwa kimegeuzwa nyuzi 90, na unywele ukae kwenye maungio. Zungusha leza mpaka pande zote mbili zipitishe mwanga sawa. Mwanga wa kushoto sasa una alama tofauti na wa kulia, na mistari imetoweka. Hakuna mtu aliyesoma alama hiyo. Unaweza kutoka chumbani ukaacha kamera peke yake, utakuta picha ni hiyohiyo. Kisha weka polaroidi ya tatu mbele, imelala nyuzi 45, alama zichanganyike: mistari inarudi, ingawa imefifia. Fotoni zikipelekwa moja moja matokeo hayabadiliki.

Kule Vienna, Austria, walikwenda mbali zaidi. Kundi la Anton Zeilinger na Markus Arndt lilionyesha mwaka 1999 kwamba hata molekuli za kaboni zenye atomu 60 zinafanya mistari. Mwaka 2004 kundi hilo lilizipasha moto molekuli za atomu 70 kwa leza kabla hazijafika kwenye mianya. Kadiri zilivyopata joto ndivyo zilivyotoa mwanga wa joto, mwanga huo ukabeba habari za mahali zilipo, na mistari ikafifia. Hakuna aliyeukusanya mwanga ule wala kuusoma. Joto peke yake lilitosha.

Na hata tukimpa mhamasishaji kila anachodai kuhusu kutazama, bado hoja yake haisimami. Anayepima hachagui fotoni itagonga wapi. Max Born alionyesha mwaka 1926 kwamba nadharia ya kwanta, inayoeleza tabia za chembe hizi, inatupa uwezekano tu, na katika maabara uwezekano huo haujawahi kuinama kufuata matakwa ya mtu. Anayesema ufikirie nyumba Mbezi Beach mpaka ije anadai uwezo ambao hakuna kifaa cha kupimia kilichowahi kuuona.

Nitamtendea haki kwa jambo moja. Wazo kwamba fahamu ya binadamu ndiyo inayokamilisha kipimo halikutoka hewani. Eugene Wigner, mwanafizikia mwenye Tuzo ya Nobel, aliliandika mwaka 1961 kwa uzito wote, halafu baadaye akaliacha, baada ya kuona jinsi mazingira ya kawaida yanavyotosha kufuta mistari. Klipu zinachukua nusu ya kwanza ya habari hiyo na kuitupa nusu ya pili, na mtu aliyelipa kiingilio anaondoka bila kuijua.

Juzi mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita aliniuliza, "Mwalimu, kama si sisi tunaoiamulia, basi kabla haijagonga ukuta inakuwa wapi?"

Nilimwambia, "Mwanangu, hapo ndipo mabingwa wenyewe wanapotofautiana." Kwa Niels Bohr, swali hilo halina jibu mpaka upime. David Bohm, mwaka 1952, alitoa nadharia ambayo chembe ina njia yake halisi na wimbi linaiongoza. Hugh Everett, mwaka 1957, alisema matokeo yote yanatokea, sisi tunajikuta kwenye tawi mojawapo. Mwanafunzi akataka kujua ni yupi aliye sahihi. Tukachukua chaki, tukaanza kukokotoa kile ambacho kila mmoja anatabiri kwa unywele mmoja na ukuta wa mita tatu, na majibu yote matatu yakatoka sentimita mbili.