Maboresho ya Nini?

Jumamosi iliyopita nimeshinda juu ya ngazi kwa shangazi yangu, njia ya Marangu, mvua ya rasharasha, laptopu nimeifunga kwenye mfuko wa rambo (ndiyo, wa rambo, marufuku ya 2019 haikufika stoo kwa shangazi). Kila nikishuka nakuta swali lilelile linanisubiri chini: "Baba, bado tu?"

Bado, shangazi.

Kosa langu lilikuwa kubonyeza "sasisha". Pale kuna nodi tano za meshi, yaani vifaa vya Wi-Fi vinavyopokezana mtandao bila waya, kutoka nyumba kubwa hadi vyumba vya wageni kule chini mwisho wa kihamba, shamba la ukoo. Ujumbe ukaingia kwamba toleo jipya la programu limetoka. Maelezo yake, yote, bila kupunguza neno: "Maboresho ya uthabiti na utendaji." Nikaanza na nodi mama, ile iliyochomekwa kwenye intaneti. Ikazima, ikawaka, taa ya kijani, nikajipongeza. Dakika tano baadaye zile nne zilikuwa hazimjui mama yao. Hazioni, hazisikii, kama ndugu waliotoka kugawana kihamba.

Msiniletee habari za migomba. Najua jani la mgomba limejaa maji na linameza mawimbi. Lakini migomba ile ipo tangu enzi za babu, na Ijumaa mtandao ulikuwa unapita vizuri tu.

Kilichotokea ni kwamba toleo jipya lilibadilisha lugha ya nodi. Mpya hazisemezani na za zamani, basi. Siyo dhambi. Watu wa batman-adv, ile programu ya meshi iliyoingizwa kwenye kerneli (kiini) ya mfumo wa Linux mwaka 2011, walifanya jambo hilohilo: toleo lao la 2014.0.0 lilihamia namba ya utangamano 15 (namba inayoonyesha nodi zipi zinaelewana), na nodi yenye 15 haielewani na yenye 14. Tofauti ni kwamba wao walisema. Ukishaambiwa hivyo, unaanza na nodi ya mbali kabisa, inapotea kwa muda, unarudi nyumbani moja baada ya nyingine, unamaliza na mama, na zote zinakutana upya. Mimi nilianza na mama, nikajikatia njia mwenyewe. Ikabidi nifuate kila nodi ilipo kwa ngazi na waya.

Haya, fundi makini angeanzia mbali hata bila kuambiwa. Nimekubali. Tuendelee.

Shangazi ana ng'ombe wawili wa maziwa, na daftari la ng'ombe linaning'inia kwenye msumari bandani. Daktari wa mifugo akija anaandika: tarehe, ng'ombe yupi, anaumwa nini, kachomwa sindano gani, na maziwa yasinywewe siku ngapi. Mwandiko wake mbaya, lakini kila kitu kipo. Sijawahi kukuta ameandika "maboresho ya ng'ombe". Angeandika hivyo shangazi angemfukuza na gambuti zake. Halafu kampuni yenye wahandisi wengi kuliko kitongoji chetu inanitumia programu itakayoingia kwenye vifaa vyote vya nyumba, na haiwezi kuniambia ilikuwa inaumwa nini.

Niambieni! Sihitaji hadithi ndefu. Sentensi ninayoitaka ni hii: "Kifaa hakina betri ya saa, umeme ukikatika kinaamka na tarehe ya zamani, kinaona cheti cha usalama hakijaanza kutumika, kinakataa kuunganisha, sasa kinatafuta saa kwanza." Umeme ukikatika! Hapa kwetu mstari huo ningeusoma kwa machozi. Kuna mafundi wamebadilisha waya, wamebadilisha kifaa, wamelaumu mtoa huduma, kumbe ruta inaamini bado ni miaka miwili iliyopita.

Mtasema wanaficha ili wahalifu wasijue udhaifu uko wapi. Lakini mhalifu analinganisha toleo la zamani na jipya anaona kilichobadilika. Anayebaki gizani ni mimi niliye juu ya ngazi. Ule udhaifu wa KRACK wa mwaka 2017, uliovunja WPA2, kufuli la Wi-Fi, mtafiti Mathy Vanhoef aliutangaza kwa jina na maelezo kamili baada ya watengenezaji kutaarifiwa mapema. Ndiyo maana tulijua nini cha kuulizia, kifaa kimoja baada ya kingine.

Na mchukulieni fundi ambaye mara kumi amebonyeza "maboresho", mara tatu akaishia paani. Ya kumi na moja ataibonyeza? Mwaka 2016 kirusi kilitembea kwenye vifaa vya kampuni ya Ubiquiti vyenye programu ya airOS, vile vya juu ya minara, kwa kupitia tundu ambalo marekebisho yake yalishatolewa 2015. Sisemi maelezo yao yalikuwa mabovu. Nasema nawaelewa mafundi ambao hawakugusa kitu. Kifaa kinafanya kazi, mteja kalipa, nani apande mnara kwa ajili ya neno "uthabiti"?

Wale wa "zima uwashe" nao nawajua. Kwa shingo upande: mwaka 2018 hata FBI waliwaambia watu wazime na kuwasha ruta, kwa sababu ya kirusi cha VPNFilter kilichoshika vifaa visivyopungua 500,000. Lakini walieleza kwa nini, na wakasema pia kwamba sehemu ya kwanza ya kirusi haiondoki hivyo.

Saa kumi na mbili jioni nodi ya tano ikaitika. Wageni wakaanza kutuma picha zao za mlima uliojificha siku nzima. Shangazi akaniletea chai, na daftari la ng'ombe, ukurasa wa nyuma. "Andika na wewe," akasema.

Nikaandika tarehe. Nodi zote tano. Namba ya toleo. Nilipofika kwenye "ugonjwa" nikaacha wazi.